Maagizo kwa Feruzi, Zamu ya Usiku

Feruzi,
ufunguo upo kwenye kopo la kahawa, nyuma ya pampu namba mbili.
Usiogope mngurumo. Kinachonguruma ni kizima.
Ogopa kimya, na harufu.

Jengo hili lilikuwa kiwanda cha pamba.
Sasa ni nyumba themanini na moja juu ya vichwa vyetu,
na huku chini boila tatu zimepangwa
ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kwetu husemwa figa moja haliinjiki chungu.
Lewiston hulikuti neno hilo mpaka Januari.
Oktoba figa moja linatosha, mawili yalale.
Kuwasha yote kwa baridi ya sweta
ni kumchinjia ng'ombe mgeni aliyeomba maji.

Nilipoajiriwa nilizikuta hivi:
washa, zima, washa, zima,
mara kumi na nne kwa saa, nilihesabu kwa chaki,
chuma kikitanuka na kunywea
kama mtu anayeitwa, kisha anarudishwa mlangoni.
Ghorofa ya pili madirisha wazi, theluji inatua mezani.
Pengo kati ya kuwaka na kuzima lilikuwa nyuzi nne.
Nne!
Chai hupoa zaidi ya hapo unapotafuta sukari.

Nimelipanua. Ishirini.
Kati ya ngazi na ngazi nimeweka dakika nane.
Skrini itakuuliza kama una uhakika; bonyeza ndiyo.
Mpishi haongezi kuni kila anapofunua sufuria.

Nyuzi za huku si zile ulizosomea:
maji huchemka kwa mia mbili na kumi na mbili,
kwa hiyo usishtuke.
Nje ikiwa sifuri, maji yaende mia na themanini.
Nje ikiwa hamsini, mia na hamsini na tano yanatosha.
Katikati ni mteremko, boila itaushuka yenyewe
kwa kusikiliza kihisi kilicho ukuta wa kaskazini,
upande wa mto, ambako jua halifiki kukidanganya.
Ila maji yanayorudi yasishuke chini ya mia na arobaini.
Moshi utatoa jasho, na jasho lile
hula chuma polepole, bila kelele, kama deni.

Usimlaumu Thibodeau, aliyekuwa hapa kabla yangu.
Mimi nilimlaumu miezi miwili,
kwa Kiswahili, mabomba tu yakinisikia.
Kisha siku moja, nikifagia masizi nyuma ya ngazi ya tatu,
nikaona penseli ukutani:
*Mama, 4C, anasikia baridi.*
Na tarehe. Nyuzi mbili juu.
Chini yake tarehe nyingine, nyuzi mbili tena,
na nyingine, na nyingine,
mwandiko ukizidi kuwa mkubwa.
Tarehe ya mwisho haina namba.

Hakuna aliyekuja kupunguza.
Gesi ikaungua miaka sita
kumpasha moto mtu asiyekuwepo.

Nimepunguza mimi, kidogo kidogo, wiki nzima,
nikijiona kama ninayemvua mtu shuka.
4C siku hizi anakaa kijana wa gitaa.
Hujawahi kulikuta dirisha lake limefungwa.

Jumanne wanakuja wapaka rangi.
Waambie ukuta ule wauruke.
Wakiuliza sababu, sema ni mambo ya boila.

Mama yangu yuko Baraka, kando ya ziwa, anajipepea kwa kanga,
na hapigi simu bila kuuliza
kama nimevaa soksi.

Saa tisa usiku ngazi ya pili itaamka.
Utasikia pumzi kwanza,
halafu cheche,
halafu moto.
Hesabu dakika nane kabla hujagusa kitu.

Mwamini